Karavani Iliyouma

Kwenye hitima ya Bi Mwanaisha, Sudi alinipa mkono wa kushoto na hakuna aliyemkemea. Wageni wawili waliotoka Nairobi walitazamana, maana hata wao wamesikia kwamba Pwani mkono huo haupewi mtu. Wenyeji waliendelea kumega wali. Mkono wa kulia wa Sudi umepinda kwenye kiwiko na haufiki mbele zaidi ya kifua chake, na watu wa Likoni wa umri wetu wanajua ulipindaje. Mimi nilikuwepo ukipindwa. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye tope, nimekumbatia waya wa stima kama mtu aliyempata ndugu yake aliyepotea. Siku hizi hualikwa kwenye vyuo kuzungumza juu ya hasira ya umati, nikiwa na miwani na chupa ya maji mezani, na vijana huandika ninayosema. Sijawahi kuwaambia kwamba nililijua somo hilo nikiwa chini, na kwamba sehemu kubwa ya umati niliyoiona ni visigino.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na digrii ya fizikia, ambayo ilinisaidia kueleza kwa ufasaha kwa nini sina kazi. Bi Mwanaisha alikuwa na uwanja mpana nyuma ya nyumba yake ya mawe, na wageni waliovuka Afrika kwa magari ya kulala ndani walikuja kupumzika pale kabla ya kuendelea kusini. Aliwawekea bomba la maji, choo, na nguzo fupi za saruji zenye soketi. Gari likifika, unavuta waya wake mnene, unauchomeka nguzoni, na ndani ya gari taa, friji na feni vinaamka. Kazi yangu ilikuwa kuchomeka. Aliniajiri baada ya kuniuliza swali moja tu: "Stima umeisoma, mwanangu?" Nikamjibu kwamba nimeisoma. Hakuuliza kama nimewahi kuishika.

Chumba changu kilikuwa karavani kuukuu, bodi yake bati jeupe, iliyoachwa na mzee mmoja wa Kijerumani aliyekwenda kwao kutibiwa asirudi. Magurudumu yake yalikuwa yamezama mchangani. Ndani mlikuwa na meza iliyokunjwa ikawa kitanda, sinki lisilotosha kuoshea hata samaki mmoja wa heshima, na dirisha la plastiki lililogeuka rangi ya chai. Niliipenda. Kuta zake zilikuwa nyembamba mno hivi kwamba niliishi maisha ya majirani wote bila kualikwa. Nyuma ya ua alikaa Kombo, fundi wa vitanda, mtu mkubwa mwenye sauti ya kuuza, na kila asubuhi nilimsikia akigombana na mbao, kisha na mwanafunzi wake, kisha na mkewe, na mara nyingi maneno yaliishia kwenye kishindo. Baada ya kishindo randa ilianza tena, srii, srii, kama vile hakuna kilichotokea. Nilijifunza kunywa chai yangu bila mkono kutetemeka. Silitaji hilo kwa kujisifu.

Ulikuwa mwaka wa kipigo. Shaba ilikuwa imepanda bei, na nyaya zilitoweka kila mahali: za simu, za pampu za maji, za taa za msikitini. Watu waliokamatwa na shaba walipigwa, na baadaye hata wasiokuwa na shaba. Siku moja nikienda kununua mkate nilikuta barabarani duara la waya mwembamba mweusi, ule unaobaki tairi likishaungua, na mbuzi mmoja akilinusa. Nililiruka duara lile na nikanunua mkate. Asubuhi hiyo Bi Mwanaisha alitupakulia mbaazi za nazi, mimi na Sudi, bawabu wake, akasema bila kumtazama mtu:

"Yule wa jana alikuwa na mama, ati."

"Wezi wote wana mama, bibi," Sudi akajibu.

"Na wanaowapiga je? Hao wameokotwa?"

Sudi akacheka, akaongeza mbaazi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto watano, kikohozi, na rungu ambalo sijapata kuliona likimgusa mtu.

Masika yalipoanza, uwanja ulijaa madimbwi. Aliyekuwa akifulia wageni nguo ni Mishi, mjane mrefu, mwepesi wa mzaha, ambaye hakunipita bila kunichokoza. "Digirii," aliniita, na jina likanikaa hadi leo, "hizo soksi nazo unangoja zifanye mtihani ndipo uzifue?" Kamba yake ya kuanikia ilianzia kwenye mpapai ikaishia kwenye kishikio cha mlango wa karavani yangu. Asubuhi moja alikuwa miguu mitupu, maji yakimfika vifundoni, na leso iliyolowa begani. Nilikuwa ndani na kikombe cha chai. Nilisikia sauti kama ya mtu aliyeanza neno akashindwa kulimaliza. Dirishani niliuona uso wake, meno yamebana, macho wazi, na vidole vimefumba kwenye kishikio cha chuma. Hakuwa anashika. Alikuwa ameshikwa.

Sudi ndiye aliyefika. Alikuja mbio na fagio la mpini mrefu wa mti, na bila kuuliza akampiga Mishi kwenye mkono, mara ya kwanza, mara ya pili, kwa nguvu ya mtu anayepasua kuni, mpaka mfupa ukalia na vidole vikafunguka. Mishi alianguka chali kwenye maji. Mkono ulikuwa umevunjika na roho imebaki. Niliruka nje, tukampakia kwenye pikapu iliyoleta kokoto kwa jirani, Bi Mwanaisha akapanda naye, kichwa cha Mishi mapajani mwake, wakaenda hospitali.

Hapo Sudi akazunguka nyuma ya karavani, akaniita. Kulikuwa na chuma kirefu kilichopigiliwa ardhini, na juu yake kibanio. Kibanio hicho hushika waya wa shaba utokao kwenye bodi, waya wa ardhi, ambao kazi yake ni moja: umeme ukipotea njia ukaingia kwenye bati, upite hapo uende ardhini kabla haujapita ndani ya mtu. Kibanio kilikuwa kitupu.

"Wameuiba," Sudi akasema. "Wallahi wameuiba. Yule Charo wa mkokoteni wa vyuma alisimama pale langoni jana."

Na watu waliokwisha kukusanyika langoni aliwaambia hivyo hivyo. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi. Sudi hakusema uongo. Alisema alichokiona, akaongeza alichokiogopa, na sijui mwanadamu anayetenganisha viwili hivyo kila siku. Kundi likatoka mbio kuelekea barabara ya feri, na Kombo mbele yao na mpini wa jembe.

Mimi nilibaki na karavani. Niliingia kwa kuruka, viatu vya mpira miguuni, nisiguse chuma, nikazima swichi kuu. Feni ikasimama, friji ikanyamaza. Nikatoka, nikaweka ncha ya testa kwenye bodi, ile bisibisi yenye kitaa ndani, nikaikinga jua kwa kiganja. Kitaa kiliwaka. Nikafuta ncha, nikajaribu tena. Kiliwaka. Chombo kizima kimekufa na bado kina moto. Miaka minne ya fizikia ilipita mbele ya macho yangu na hakuna ukurasa uliosimama. Polepole nikaelewa: kule nguzoni nyaya mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi, hivyo swichi yangu ilikuwa inakata waya usio na moto na kuuacha wenye moto ukiingia ndani kama kawaida. Na mle ndani, mahali fulani, waya umechubuka na unagusa bati.

Kisha nikachimba kwa vidole kwenye mchanga chini ya kibanio. Waya wa ardhi ulikuwepo. Ulikuwa umelala pale pale ulipoangukia, na nilipoushika ulivunjika kama biskuti. Kisu kikikata shaba huacha ncha inayong'aa. Hii ilikuwa unga wa kijani. Chumvi ya upepo wa bahari ilikuwa imeutafuna taratibu, miaka kwa miaka, mpaka ukakatika wenyewe. Hakuna aliyeiba kitu. Niliinuka na ule unga kiganjani nikiwa na furaha ya kijinga ya mtu aliyepata jibu, na ndipo nikasikia kelele zinarudi.

Walimleta Charo wakimburuta kwa shati, na shati lilipochanika wakamburuta kwa miguu. Alikuwa kijana mwembamba wa kutoka bara ya Kaloleni, aliyepita mitaani akinunua masufuria yaliyotoboka. Mdomo wake ulikuwa umepasuka na meno ya mbele hayapo. Mtu alimkanyaga kifuani. Mwingine, mwanamke niliyemjua, muuza viazi karai mwenye adabu, alikuwa akimpiga kichwani kwa kiatu chake na kukivaa tena kila baada ya pigo, kwa kuwa chini palikuwa na tope.

"Umeuza wapi? Sema!"

"Sijachukua, jamani. Sijachukua mimi."

"Mishi amekufa!" mtu akapiga kelele. Mishi hakuwa amekufa, lakini habari ya umati haingoji gari lirudi.

Nikajipenyeza mpaka mbele. "Tazameni! Haukukatwa! Umeliwa na chumvi!" Nikamwonyesha Kombo kiganja changu.

Akakitazama kwa makini, kama anapima ubao. "Digirii," akasema, "chumvi haina miguu." Watu wakacheka, na katikati ya kicheko hicho mtu akampiga Charo teke la ubavuni lililomtoa pumzi. Niliona tairi likipitishwa juu ya vichwa, mkono kwa mkono, kwa utaratibu mzuri kabisa, kama watu wapitishao sinia la pilau arusini.

Ni Kombo aliyelisimamisha tairi. Nilidhani ni huruma. "Ngojeni," akasema. "Kwetu mtu akikana, hashindanwi naye kwa maneno. Hushikishwa shoka lililotiwa moto. Lisipomchoma, si yeye. Hicho ni kiraho cha babu zetu." Akaelekeza mpini wa jembe kwenye karavani. "Shoka letu lile pale. Limemshika Mishi asiye na kosa kwa sababu ya mwizi. Sasa na limshike mwenyewe."

"Haki! Haki kabisa!" wakaitikia. Na kusema kweli ilipokewa kama ahueni. Walikuwa wameanza kuchoka kuwa mahakimu, na sasa bati lingewafanyia.

Charo alikuwa amelowa kichwa hadi vidole, miguu mitupu, katika maji. Hakukuwa na haja ya hesabu. Nilipaza sauti kwamba ile itamuua hata kama angekuwa kitoto cha siku moja, nikapokea kiwiko cha pua. Swichi ya nyumbani, iliyolisha nguzo zote, ilikuwa nyuma ya mlango ambao Bi Mwanaisha alikuwa ameufunga na kwenda na ufunguo. Nikakimbilia nguzoni. Plagi nilikuwa nimeifunga mwenyewe kwa mikanda ya mpira wa ndani wa baiskeli ili mvua isiingie, na ilikuwa kazi yangu bora kuliko zote mwaka ule: haikufunguka. Nikaushika waya kwa mikono miwili, nikaweka mguu kwenye nguzo, nikavuta kwa uzito wangu wote. Kitu kikanyofoka. Nikaanguka kifudifudi na waya chini yangu.

Nilipoinua uso, walikuwa wamemsukuma Charo kwenye bodi. Viganja vyake vyote viwili vilikuwa batini. Hakutikisika. Kisha akaegemeza na shavu lake, taratibu, akafumba macho, damu ikichora mstari kwenye bati jeupe.

"Si yeye," mwanamke wa viazi akasema, na akavaa kiatu.

"Si yeye! Si yeye!" Wale wale waliomvunja meno wakamnyanyua, wakampangusa uso. Nilianza kulia kwa furaha. Ndipo Kombo akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kazi iishe vizuri: "Basi nani alisema ni yeye?"

Vichwa vikageuka kwa Sudi.

Nikiwa bado kifudifudi, nimekumbatia waya, nilipiga kelele kwamba nimechomoa, kwamba hakuna aliyeapishwa, kwamba bati lile lilikuwa bati tu. Nani humsikiliza mtu mwenye tope puani? Sudi alirudi nyuma hadi ukutani, akisema, "Mimi niliona, jamani, niliona tu." Walimwangusha kwa rungu lake mwenyewe. Alijikinga kichwa kwa mkono wa kulia, na Kombo akaushusha mpini wa jembe juu ya kiwiko mara nyingi, akihema, kwa mapigo yale yale ya kupigilia miguu ya vitanda. Niliisikia sauti ile. Ilikuwa sauti niliyokuwa nikinywea chai.

Pikapu ilirudi kati ya hayo. Bi Mwanaisha alishuka, akauona uwanja wake, hakukimbia wala hakupiga yowe. Alipita katikati ya watu kama anayepita jikoni kwake, akajivua leso ya mabegani, akaitandaza juu ya Sudi, uso na yote, kama mtu afunikwavyo akilala.

"Haya," akasema. "Pigeni. Hiyo ni leso yangu, asubuhi nimeswalia nayo."

Mpini wa Kombo ulikuwa juu. Ukabaki juu.

"Mishi anasema. Anaomba maji. Nani aliwaambia amekufa?"

Watu wakaanza kutazama saa zao, na wasio na saa wakatazama mawingu.

Ungedhani imekwisha. Charo alipona, akarudi na mkokoteni wake, na mtaa ukampa heshima ambayo hakuna mnunuzi wa vyuma aliyewahi kupewa: milango ilifunguliwa, aliachiwa masufuria bila kuangaliwa, maana ni mtu aliyesafishwa. Sudi, na mkono wake katika plasta, aliitwa mwongo sokoni. Watoto wake waliimbiwa shuleni. Nilikwenda karakana kwa Kombo nikaeleza yote mbele ya watu, waya, chumvi, plagi. Walinisikiliza hadi mwisho kwa adabu.

"Digirii," Kombo akasema, "unaona wivu kwamba jibu limepatikana bila wewe."

Nikaelewa jambo ambalo tangu hapo nimeliuza kwa maneno marefu zaidi. Mimi nilikuwa natafuta hitilafu. Wao walikuwa wanatafuta mtu. Na hitilafu haina uso wa kupigwa.

Aliyekuja kwangu ni Charo. Alikaa kwenye ngazi ya karavani, akakataa chai kwa sababu ya ufizi.

"Kaka, nilikuona ukianguka na waya," akasema. "Wote walinitazama mimi. Mimi nilikuwa natazama huko."

"Ulijua hakuna moto?"

"Nilijua. Ndiyo nikaweka na shavu." Akaligusa shavu lenyewe. "Kisha wakampiga Sudi, na mimi nikanyamaza. Ningesema nini? Tairi lilikuwa bado liko pale." Alisema kwamba kwao kiraho hushikwa na wawili, mshtaki na mshtakiwa, na kwamba Kombo alikata desturi nusu. Yeye na Sudi walikuwa wameshazungumza. Walitaka kushika wote wawili, mbele ya watu. "Na stima iwe inawaka, kaka. Inawaka kweli. Wewe utengeneze isiume."

Sijapata kuogopa mtihani kama ule. Nilizigeuza nyaya nguzoni zikakaa mahali pake. Nilibomoa kabati la sinki nikaupata waya uliochubuka, umelala juu ya ukingo wa bati, nikaubadilisha wote. Nikapigilia chuma kipya ardhini, katika mawe ya matumbawe yaliyonivunja nyundo, nikaunga waya mpya na kuupaka grisi dhidi ya chumvi. Moja tu kati ya makosa yale lisingemuumiza Mishi, yalihitaji kukutana. Kisha nikapima. Nikapima tena. Nikala kidogo, nikapima. Testa haikuwaka, lakini testa haina watoto watano.

Ilifanyika Ijumaa baada ya swala, jua kali. Watu walijaa, na muuza njugu akaja na kapu lake. Kombo mwenyewe alikwenda nguzoni akaikagua plagi, akasikiliza feni ikizunguka ndani na redio ikisoma matangazo ya vifo, akarudi akatikisa kichwa kukubali. Mishi alikuja, mkono wake umefungwa, akasimama mbali na kila kitu cha chuma. Nilikuwa nimepanga kusema maneno machache ya sayansi. Yalinitoroka. Niliweka tu kiganja changu kwenye bati, miguu mitupu katika maji niliyoyamwaga mwenyewe, na nikagundua kwamba nimefumba macho.

Charo akaweka viganja viwili. Sudi akaweka cha kushoto. Tulisimama hivyo watu watatu tumeshika karavani kama tunaizuia isianguke, na feni ikazunguka, na redio ikamaliza vifo ikaingia kwenye muziki.

Hakuna kitu.

"Toeni," Kombo akasema hatimaye. Alionekana mtu aliyepunjwa. Alimtazama Charo, akamtazama Sudi, akaukuna mgongo wa shingo yake kwa penseli ya fundi. "Kwa hivyo huyu hakuiba. Na huyu hakusema uongo."

"Ndiyo," nikasema.

Muuza njugu aliacha kukunja karatasi. Kombo akageukia watu, na wakati huu hakuwa na hasira hata kidogo, alitaka kujua.

"Basi ni nani?"

Na nikayaona macho yakianza kuzunguka uwanjani, taratibu, uso kwa uso.